Mwalimu wa Mistari ya Mlima

Kuta za shule ya Kwemkuyu nilizijenga mimi, ukiacha zile nne za mwanzo ambazo zilikuwa ghala la kahawa la chama cha ushirika. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi wapo wanaopita pale barabarani na kudai shule ilijengwa na wafadhili. Wafadhili gani? Mawe waliyabeba akina mama kichwani. Mchanga ulitolewa mtoni kwa msaragambo, kila kaya na siku yake ya kazi, na aliyekosa kufika alileta kuku au alileta sababu, na sababu nyingine zilikuwa za kuchekesha. Mimi, Mbaraka Mussa, fundi mwashi, nikapanga jiwe juu ya jiwe. Lakini leo sizungumzii kuta. Namzungumzia Rahma Nassoro na jinsi alivyopata kuwa mwalimu pale, kwa sababu mwenyewe ukimwuliza atakujibu, "Niliomba, nikapewa." Huo ni uongo wa adabu tu.

Rahma alizaliwa upande wa Mlola, mtoto wa tatu wa mzee Nassoro, mkulima wa kabichi na peasi. Tangu mdogo alikuwa mtu wa kusimama njiani. Ukimtuma maji, maji yatafika, lakini yatafika yamechelewa, pamoja na habari kwamba leo ukungu umeingilia pengo la nyuma badala ya kupanda kutoka bondeni, na kwamba ulipofika kwenye mikaratusi ulisimama kidogo kabla ya kupita. Mama yake alimgombeza hadi akachoka. Watu wakazoea kusema Rahma yupo, hayupo. Darasani, hata hivyo, alikuwepo. Alisoma hadi kidato cha sita huko Tanga, jambo ambalo kwa msichana wa kwetu enzi zile lilizungumzwa gulioni wiki nzima.

Aliporudi, serikali ilikuwa haiajiri tena, ilikuwa inapunguza watu. Aliandika barua za kuomba chuo cha ualimu mpaka karani wa posta akawa rafiki yake, na majibu hayakuja. Ushirika ukamchukua awe karani wa mizani, pale pale ghalani Kwemkuyu, na hapo ndipo nilipomfahamu. Mkulima akiweka gunia lake, Rahma hakumtajia uzito. Alimwambia, "Soma mwenyewe, baba." Kama hujui, alikushika kidole akakiweka kwenye kioo cha mizani, akakuonyesha kistari kikubwa na kistari kidogo, na hakukuachia mpaka utaje. Foleni ilifika barabarani. Watu walinung'unika, na mimi nilikuwa wa kwanza, maana hasira zangu ziko karibu. Lakini baada ya misimu mitatu hapakuwa na mkulima wa Kwemkuyu asiyeweza kusoma mizani.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi walileta magari yao hadi mlangoni pa mtu, ushirika ukafa bila hata matanga, na Rahma akaenda kuuza peasi kwenye gulio la Mlola. Alikaa miaka miwili nyuma ya mafungu yake ya peasi, akiutazama mlima wa mbele. Wateja walilazimika kumwita mara mbili ndipo ashtuke.

Shule yetu ilianza mwaka 1994. Watoto walikuwa wakimaliza darasa la saba, wanachaguliwa wawili au watatu kwenda sekondari, waliobaki wanarudi kwenye jembe. Nyakati zile kila kitu kilikuwa ruksa, nasi tukasema kama mtu ana ruksa ya kufungua baa, basi ana ruksa ya kufungua shule. Wazee wa msikiti na wazee wa usharika wa Kilutheri walikaa benchi moja siku nzima wakatunga mkataba. Ulikuwa karatasi moja tu, iliyopigwa chapa Lushoto. Serikali ingetupa usajili na mitihani, mengine tungejipangia sisi wazazi. Walimu tungewachagua wenyewe. Mwalimu mpya angefundisha muhula mmoja, kisha wazazi wangekutana, na yeyote mwenye lalamiko angesimama alitaje mbele ya watu na lingeandikwa. Akikubaliwa, anaweka sahihi, wazazi nao wanaweka, na tangu siku hiyo ni wetu. Mwenyekiti tulimchagua Mzee Sefania, fundi cherehani, mtu mpole anayeogopa kelele kuliko njaa. Mkuu wa shule tulimpata Mwalimu Kristofa wa Mgwashi, mstaafu wa serikali, aliyekuja na koti lake la sufi na ramani moja kubwa ya milima yetu iliyokunjwa mpaka mikunjo ikachanika.

Januari ya 1996 mwalimu wa jiografia alituacha akafuata kazi kwenye shirika la Arusha. Rahma aliposikia alifunga fungu lake la peasi katikati ya gulio na kuja kwa miguu. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati, kwa hiyo nilikuwepo alipofunguliwa mlango wa darasa. Hakuuliza mshahara wala nyumba. Alisimama katikati, pale pale ilipokuwa mizani, akavuta pumzi. Harufu ya magunia ya kahawa ilikuwa haijatoka ukutani, na nadhani haitatoka. Akafumba macho. Mzee Sefania akanitazama kana kwamba anauliza huyu binti ni mzima, nikageuza uso.

Akaanza muhula wake wa majaribio. Siku moja, akipita chini ya jukwaa langu la mbao la ujenzi, aliniambia bila mimi kumwuliza, "Fundi, kaka yangu Jafari amenitafutia meza ya mitumba Korogwe. Nikikataliwa hapa, hakuna shule nyingine itakayonipokea bila cheti cha chuo. Juni nitashuka." Sisi watu wa milimani tukisema kushuka, yaani kwenda nyika ya chini, tunamaanisha joto, malaria na watu wasiokujua wewe ni wa nani. Alisema maneno hayo akiwa anatabasamu, lakini mkono wake ulikuwa umeshika nguzo ya jukwaa kwa nguvu mpaka vidole vikapauka. Nilimwonea huruma, nami si mtu wa huruma za haraka.

Kazi yenyewe alikuwa akiifanya kama mtu anayesimulia ndoto aliyoiota muda mfupi uliopita. Nilikuwa nikijenga darasa jingine pembeni, na dirisha la darasa lake halikuwa na kioo, kwa hiyo nilimsikia. Akifundisha mito, sauti ilishuka taratibu, ikapinda, ikapumzika kwenye kitu anachokiita bwawa. Wanafunzi walinyamaza kwa namna ambayo sijaisikia tena. Nilipitiwa mara nyingi nikasahau kulowanisha mawe.

Tatizo lilikuwa ramani. Mwalimu Kristofa alimkabidhi ile yake yenye mikunjo, na kidato cha pili walitakiwa kuisoma kwenye mtihani wa taifa. Juu ya karatasi ile kuna mistari ya kahawia inayozungukazunguka, wanaiita kontua. Kila mstari unapita mahali penye kimo kile kile. Rahma alieleza wiki nzima. Wanafunzi waliitikia "ndiyo mwalimu," kisha kwenye jaribio wakaandika kwamba mistari ni njia za mbuzi. Binti yangu Asha, ambaye ana akili kuliko baba yake, aliandika kwamba ni mito midogo.

Basi akaja kwangu. "Shikamoo fundi."

"Marahaba, mwalimu."

"Niazime mpira wako wa maji."

Mpira wa maji ni kitu changu cha thamani. Ni mpira mwangavu, mita ishirini, niliununua Tanga mjini. Unautia maji, mmoja anashika ncha hii na mwingine ncha ile, hata kama kati yenu kuna kona ya nyumba au kichaka, na maji yakitulia yanasimama kimo kimoja pande zote mbili. Ndiyo namna yangu ya kujua kuta zangu hazidanganyi. Nikampa, pamoja na vigingi. Sikumwuliza anakwenda kupima wapi. Hilo ndilo fungu langu la kosa, na nalibeba.

Ilikuwa katikati ya Mei. Masika yalikuwa yamelegea na ukungu ulikuwa ukiingia bondeni na kutoka bila haraka. Nilikuwa juu ya ukuta, mwiko mkononi, nilipowaona wanafunzi nusu ya darasa wakivuka kijito na kupanda mteremko wa upande wa pili, ule unaotazamana na shule, wenye migomba chini na mashamba ya maharage juu. Walikwenda wawili wawili na mpira wangu. Wanatuliza maji, mmoja anachomeka kigingi na kusimama hapo, wengine wanasogea mbele kwa kimo kile kile. Nusu nyingine ya darasa ilibaki uwanjani, imeizunguka ramani juu ya benchi. Rahma alipanda juu ya jiwe.

Kwetu nyumba zinatazamana kwa mabonde. Kwenda kwa jirani ni kushuka na kupanda, kumwita ni pumzi moja. Rahma aliivuta sauti kama anavyoivuta mama anayemwita mtu ng'ambo: "Mstari wa chiniii, inueni!" Wale wa chini wakainua majani ya migomba. "Mstari wa katiii!" Wa katikati wakainua madaftari wazi, meupe. "Mstari wa juuu!" Wa juu wakainua mikono mitupu.

Ukungu ukaja ukauchukua mstari wa chini. Majani ya migomba yakabaki yanaelea bila watu. Kisha ukapanda polepole, ukafunika madaftari, yakawa madoa meupe ndani ya weupe, halafu hayakuwepo. Mstari wa juu peke yake ukabaki hewani, watoto wamesimama juu ya kitu laini, umekunja kona ya kilima, ukaingia kwenye korongo, ukatoka tena upande wa pili. Nilimtambua Asha kwa sweta lililopauka. Halafu ukungu ukashuka, mistari ikarudi mmoja baada ya mwingine, na mlima wote ukawa umeandikwa.

Nimezaliwa mbele ya mteremko ule. Naujua kwa nyayo na kwa magoti. Lakini siku ile nilikuwa kama sijawahi kuuona. Mota ya saruji ilikauka kwenye mwiko. Nilitaka kulia, na nisingejua kumweleza mtu kwa nini. Kule uwanjani mwanafunzi mmoja alipiga kelele, "Mwalimu, ni hii! Pale waliposogeleana ndipo mwinuko mkali! Tazameni, hapa kwenye karatasi nako imesogeleana!" Wakaanza kusukumana kuiona. Rahma alikuwa ameweka mikono yote miwili kifuani.

Ndipo ng'ambo ukapigwa ukunga, yowe kali la mwanamke.

Niliijua sauti ile kabla sijageuka, kwa sababu ni ya mama yangu. Bibi Salama, kama wanavyomwita wote, alikuwa akipalilia maharage yake juu kabisa, akainua kichwa na kukuta watoto wamepangwa mstari katikati ya shamba, kamba ya plastiki imelala juu ya maharage na vigingi vimechomekwa. Akapiga ukunga wa hatari, ule wa nyumba kuungua. Wanawake wakatoka kwenye mashamba yote ya jirani wakiwa na majembe. "Matuta!" alikuwa akiita. "Matuta yamerudi! Wanapima!"

Nisimame hapa kidogo, maana vijana wa sasa hawajui. Zamani za ukoloni, mwaka niliozaliwa mimi, ilitoka amri kila mtu achimbe matuta kwenye miteremko ili udongo usishuke na mvua. Huenda nia ilikuwa nzuri, sijui. Bwana shamba alikuja na kamba na vigingi, akasimamisha watu mstari mmoja kukata mlima, na penye kigingi ndipo utachimba, upende usipende. Udongo wenye rutuba ukafukiwa chini, maharage yakakataa, kazi ikawa haina mwisho. Asiyechimba alifungwa. Baba yangu, Mussa, hakuchimba, wakamchukua Lushoto. Wanawake ndio waliokuja kuving'oa vigingi vile, na mama yangu alikuwa mmojawao. Ongeza sasa na habari za mwaka ule wa 1996, kwamba mashamba yanauzwa, kwamba wawekezaji wanakuja, kwamba hata ghala la ushirika la Mlola liliuzwa watu wasijue. Mtu wa mahali pengine angeona watoto wanasoma. Mama yangu aliona kile alichokiona akiwa na miaka ishirini.

Waling'oa vigingi vyote. Mstari wa chini ulikimbia, wa kati ukakimbia. Mama akaufikia mpira wangu akaukata kwa jembe vipande vinne. Alipofika mstari wa juu alikuta watoto wamekwisha kutawanyika isipokuwa mmoja. Asha alikuwa amesimama peke yake, mikono juu, machozi yanamtoka.

"Shuka!" mama akamwambia.

"Mwalimu hajasema tushuke, bibi."

Rahma alikuwa ameshavuka kijito, viatu vya raba vimejaa maji. Alipanda mteremko mbio, akafika, akapiga magoti kwenye maharage yaliyokanyagwa. "Shikamoo bibi."

Mama alimtazama, akamshika Asha mkono, akaondoka. Hakuitikia. Kwa watu wengine labda ni jambo dogo. Kwetu mtu mzima anaitikia hata shikamoo ya mwizi. Wanawake waliokuwa pale walitazama chini, na mimi, niliyekuwa nimefika nikihema, nilitamani ardhi inifunike.

Jioni nilikwenda kwa mama. Nilimweleza kontua ni nini, nikachanganya mambo, nikakasirika. "Na mpira ule ulikuwa wangu," nikasema.

"Nilijua ni wako," akajibu akichochea moto. "Ndiyo maana niliukata mara tatu."

Siku zilizofuata nusu ya wanafunzi hawakuja. Rahma aliwafundisha waliokuwepo. Kila asubuhi, kabla ya shule, alipita njia ndefu ya kwa mama, akasimama nje ya uwanja, akasema, "Shikamoo bibi," akangoja, kisha akaenda. Siku ya kwanza alileta mbegu za maharage kufidia yaliyokanyagwa. Mama alizisukumia kando kwa mguu. Siku kumi na mbili nilihesabu, na siku zote kumi na mbili mama alikuwa kiziwi. Nilimchukia mama yangu siku zile, na ni dhambi niliyoitubia baadaye.

Mzee Sefania alimfuata Rahma chini ya jukwaa langu, akamshauri kwa upole aandike barua ya kuacha kazi kabla ya mkutano. "Mwanangu, lalamiko likishaandikwa halifutiki. Ondoka na jina lako zuri."

"Nisamehe, mzee," Rahma akamjibu. "Kosa langu ni kuingia shambani kwa watu bila hodi. Mimi ni wa huku huku, nilipaswa kujua. Hilo nitalikiri mbele ya wote. Lakini nikiondoka kimya, watoto wataamini kwamba kontua ndiyo kosa."

Mzee akanigeukia mimi anisaidie. Mgosi, mwanamume mzima wa miaka arobaini na moja, nikajifanya natafuta timazi ya kupimia ukuta. Sikutaka kuwa kinyume cha mama yangu, wala sikutaka yule binti ashuke Korogwe. Niliona aibu na bado naiona.

Mkutano ulifanyika Jumamosi ya kwanza ya Juni. Darasa lilijaa mpaka madirishani. Nje ukungu ulikuwa umefunga kabisa, mtu ukimwangalia mlangoni unamwona anatokea pasipo miguu. Mwalimu Kristofa alisoma kifungu cha mkataba, akaongeza kwamba katika miaka yake thelathini hajaona darasa likisoma ramani namna ile. Katibu akashika kalamu. Mzee Sefania akauliza kwa sauti ndogo, akitumaini hatasikika, kama yupo mwenye lalamiko.

Mama akasimama. Hakuwa mzazi kwa maana ya karatasi, ni bibi, lakini hakuna aliyethubutu kulisema. "Kwanza," akasema, "nataka kuiona hiyo karatasi iliyowapa amri ya kusimama shambani kwangu."

Rahma aliileta ramani, akaitandika sakafuni, akapiga magoti pembeni. Mama akaketi chini mbele yake. "Shamba langu liko wapi?"

Rahma alimtazama Asha. Binti yangu akajipenyeza kutoka dirishani, akainama, akatafuta kijito kwa kidole, akapanda mstari mmoja, wa pili, wa tatu. "Hapa, bibi. Huu ndio mstari niliosimama mimi. Huu hapa unazunguka kilima, unaingia kwenye korongo la mikaratusi. Hii ni nyumba yako, hiki kidoti cheusi."

"Nani aliichora?"

"Serikali, bibi," Rahma akasema. "Zamani. Walipiga picha kwa ndege, wakapima."

"Lini?"

Mwalimu Kristofa akainama na miwani yake, akasoma pembeni mwa karatasi, akataja mwaka. Asha alikuwa hajazaliwa. Mama akapitisha kiganja juu ya ile mistari yote, taratibu, kama anayetandaza unga.

"Kumbe tulishapimwa," akasema. "Mimi napiga ukunga leo, kumbe walishapima wakaondoka. Na hakuna aliyekuja kutwambia."

Mzee Sefania alikuwa amevua kofia, sijui kwa nini.

"Lushoto iko wapi humu?"

Rahma akakishika kile kidole cha mama, kilichopinda kwa jembe, akakivuta juu ya karatasi mpaka kusini, akakiweka. Mama akakiacha hapo. Kisha akapima kwa mkono kutoka kidoti cha nyumba yake hadi Lushoto. Shibiri moja na nusu. Akapima tena, kana kwamba mkono umemdanganya.

"Shibiri moja na nusu," akasema. "Miezi miwili nilimpelekea Mussa chakula gerezani. Naondoka alfajiri, nafika jua limepinda, nimepotea mara ngapi kwenye ukungu. Nilipanda kila mlima uliokuwepo, sikujua kama kuna pengo." Kidole chake kilikuwa kimepata mahali mistari ilipoachana, peupe, katikati ya milima miwili. "Hapa ni tambarare, si ndiyo?"

"Ndiyo, bibi," Rahma akasema. "Hapa pangekufikisha mapema."

Mama akaniinulia macho mimi, mbele ya watu wote. "Na wewe ulikuwa mgongoni."

Nilikuwa nalia hadharani, fundi mzima, na sikujali.

"Marahaba," mama akamwambia Rahma ghafla, ingawa asubuhi ile Rahma hakuwa amemwamkia. Wanawake waliokaa nyuma wakaguna kwa pamoja.

Katibu alikuwa bado ameshika kalamu juu ya daftari. Mzee Sefania akakohoa. Sheria ilikuwa sheria, na mtu aliyesimama kulalamika lazima lalamiko lake liandikwe. "Mama Mbaraka," akasema, "umesimama kumlalamikia mwalimu Rahma. Tuandike nini?"

Mama alikuwa bado sakafuni, kidole juu ya lile pengo jeupe. Hakuinua kichwa.

"Andika kwamba amechelewa kuja," akasema. "Miaka arobaini."

Katibu akaandika hivyo hivyo, na chini yake tukaweka sahihi.